Satelite inaona mabati, haijui majina

BUTEMBO-BENI. Toka wakati wa Ebola, ramani moja ya intaneti inaonyesha nyumba, barabara na njia za kuenda kwa kariere zetu. Hakuna kampuni yenye amri juu yake. Watu wa kila fasi ndio wanaichora, na chombo chao kinafunguka ndani ya intaneti bila kuingiza programu yoyote kwa kompyuta. Tunaeleza namna chombo hicho kilijengwa, namna kinatumika, na maswali gani mchimbaji na jamaa yake wanapaswa kujiuliza mbele ya kuandika jina la kwanza.

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Wizara ya Afya ilitangaza kama Ebola imeingia Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako, karibu kilometa 30 toka mji wa Beni. Sisi wote tunajua yaliyofuata. Ugonjwa ukafika Beni, ukafika Butembo na Katwa, ukagusa Kalunguta na Musienene, ukavuka mpaka Mandima upande wa Ituri. Siku ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3.470 walikuwa wamehesabiwa kama wagonjwa, na 2.287 kati yao walikufa. Ilikuwa Ebola ya kumi katika inchi yetu, na ya pili kwa ukubwa duniani, nyuma ya ile ya Afrika ya Magharibi ya 2014 mpaka 2016.

Kwa kila mgonjwa, maswali yalikuwa mawili: « Ulikuwa na nani? » na « Unakaa wapi? » Lile la pili lilionekana jepesi. Lakini jaribu kulijibu vile tunajibu kila siku: nyuma ya kanisa, ukivuka daraja ya mbao, uulize kwa mama mwenye kuuzisha kasiksi. Kwa jirani jibu hilo linatosha. Kwa munganga aliyefika jana toka Kinshasa, halitoshi hata kidogo. Na mchimbaji ndiye alikuwa na jibu refu kupita wote: bibi na watoto wako Butembo, shimo liko Mangurejipa ao Biakato, usiku analala kwa kambi, na siku ya kuuzisha anapita Beni. Mtu mmoja, fasi nne.

Chanjo ilitolewa kwa mviringo. Wanaanza na mgonjwa, wanaenda kwa wale aliowagusa, kisha kwa wale ambao hao nao waliwagusa. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa namna hiyo. Lakini mviringo unategemea kijiji kujulikana. Kama jina liko kwa orodha tu na hakuna mtu anayejua liko upande gani wa mto, mviringo unakatika, na ugonjwa unapita pale pale ulipokatika.

Watu wa mbali walichora

Njo pale ramani ya OpenStreetMap iliingia. Ilianzishwa 2004 kule Uingereza na Steve Coast. Wazo lake lilikuwa hili: ramani ya dunia yote, ambayo kila mtu anaweza kuchora, kurekebisha, kuchukua na kutumia bure, mradi aseme ameitoa wapi. Ramani ya Google kila mtu anaitazama, lakini vitu vilivyo ndani ni mali ya kampuni. Vya OpenStreetMap ni vya wote.

Dunia iliona nguvu ya wazo hilo tarehe 12 mwezi wa kwanza 2010, wakati tetemeko la ardhi lilipovunja mji wa Port-au-Prince kule Haiti. Watu wa inchi mingi walikaa mbele ya kompyuta zao na kuchora barabara za mji ule toka picha za satelite, kusudi waokoaji wajue pa kupita. Mwaka ule ule ikazaliwa Humanitarian OpenStreetMap Team, ile watu wanaita HOT. Kwa 2014, HOT pamoja na MSF na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza wakaanzisha Missing Maps, kazi ya kuchora fasi ambazo hazikuwa kwa ramani yoyote. Lubumbashi yetu ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa. Majirani zetu pia hawakulala. Kule Nairobi, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao toka 2009. Kule Dar es Salaam, wanafunzi wa chuo kikuu walianza 2015 kazi ya Ramani Huria, kusudi mji ujue mitaa gani inajaa maji wakati wa mvua.

Wakati Ebola ilifika kwetu, HOT na jamaa ya OpenStreetMap ya hapa Kongo waliita wajitoleaji. Kazi ilikatwa katika vipande vya mraba, kama vile shamba kubwa linagawanywa. Kila mtu anachukua kipande chake, anachora nyumba na njia anazoona, kisha mtu mwingine anapita nyuma kuhakikisha. Wengi kati yao hawakuwa wamekanyaga Kivu hata siku moja.

Kazi hiyo ni ya kweli, na tunaishukuru. Lakini tazama vizuri kitu waliweza kufanya. Toka juu, kanisa, masomo, depo ya kakao na nyumba ya kawaida vyote ni mabati. Satelite inaona bati linang'aa. Haioni kibao cha mlangoni. Inaona njia inaingia pori. Haijui kama moto inapita pale wakati wa mvua. Inaona nyumba 40 zimekusanyika kwa mlima. Haijui wazee wanaziita nani. Kwa hiyo vijiji vingi viliingia kwa ramani kama watoto ambao hawajaandikwa kwa état civil: wanaonekana, wanahesabiwa, lakini hawana jina.

Tena, imani ilikuwa ndogo. Katika mwezi wa pili 2019, vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa ndani ya juma moja. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja mwaka ule, watu wa kupambana na Ebola waliuawa Biakato Mines na Mangina. Sababu za mashambulizi zilikuwa mingi, na hatusemi kama ramani ingezizuia. Lakini lalamiko moja lilisikika kila fasi: wageni wanakuja na makaratasi yao, na orodha zao, wanaandika juu yetu bila sisi. Ramani pia inaweza kuwa karatasi ya namna ile, ama inaweza kuwa kitu tunachokiandika sisi wenyewe. Jibu linategemea sana chombo cha kuandikia.

Mbao za ndani ya shimo

Kila mchimbaji anajua: mtu wa inje anaona dhahabu, haoni mbao zinazoshikilia shimo. Ramani nayo iko na mbao zake. Inaitwa editeri, ile programu ambayo mtu anaitumia kuchora na kuandika.

Mwanzoni kuandika kwa OpenStreetMap kulikuwa kugumu. Kulikuwa programu moja yenye nguvu, JOSM, ambayo mafundi wanaipenda mpaka leo. Lakini inabidi uiingize kwa kompyuta, inahitaji Java, na inabidi ujifunze vitufe vyake vingi. Kwa mtu mwenye kompyuta yake, si shida. Kwa kijana anayelipa saa moja kwa siberkafe, kwa masini ambayo mwenyewe haruhusu kuingiza kitu, mlango umefungwa.

Mwingereza Richard Fairhurst alikuwa ametengeneza nyingine, Potlatch, iliyofunguka ndani ya kivinjari, ile programu tunayofungulia intaneti kama Chrome ao Firefox. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini Potlatch ilisimama juu ya Flash, kitu cha kampuni moja, na kampuni hiyo iliacha kuitunza mwisho wa 2020. Nyumba ikijengwa kwa kiwanja cha mtu mwingine, siku mwenye kiwanja anaondoka, nyumba inabaki bila msingi.

Fairhurst mwenyewe alianza wazo la editeri mpya, akaiita iD. Mwaka wa 2012, Knight Foundation ya Marekani ilitoa dola 575.000 kwa mafundi wa Mapbox kusudi watengeneze vyombo vya OpenStreetMap, na iD ilikuwa kati ya vyombo hivyo. Waliiandika kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari kinaijua bila kuongezewa kitu. Katika mwezi wa tano 2013 ikawekwa kwa OpenStreetMap, na kila mtu akaweza kuitumia. Programu yenyewe nayo iko wazi: fundi yeyote, hata wa Butembo, anaweza kusoma vile iliandikwa na kupendekeza marekebisho. Toka 2021, OpenStreetMap Foundation inalipa fundi mmoja wa kuitunza.

Shida ya mafundi wale ilikuwa moja: namna gani mtu ambaye hajasoma masomo ya ramani ataweza kuandika kitu cha kweli, bila kuvunja kazi ya wenzake?

Jibu la kwanza lilikuwa kurahisisha. Ndani ya OpenStreetMap, vitu vyote vinajengwa na nukta. Kila nukta iko na namba mbili zinazosema iko fasi gani duniani. Katikati ya Butembo, kwa mfano, ni karibu digrii 0,14 kaskazini ya ikweta na digrii 29,29 mashariki. Nukta zikifuatana, ni mstari: barabara, mto, njia ya miguu. Mstari ukirudi pale ulianzia, ni eneo: nyumba, soko, uwanja wa mpira. Basi, ni hivyo tu. Kwa iD unakuta vitufe vitatu: nukta, mstari, eneo.

Kisha kila kitu kinawekewa alama ya kusema ni nini. Ndani kabisa alama hizo zimeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Lakini iD imetafsiriwa, na kwa Kifaransa unatafuta tu « école », « pharmacie » ao « pont », unagusa, na programu inaandika alama zake yenyewe. Mtu hahitaji kujua Kiingereza kusudi aseme kama hapa kuna maternité.

Jibu la pili lilikuwa kulinda kosa. Kitu chochote ulichofanya unaweza kukirudisha nyuma mbele ya kutuma. Toka 2019, iD inakagua kazi na kukuambia: barabara hii inapita juu ya nyumba, njia hii haigusi njia nyingine, mto huu unakata barabara na hakuna daraja. Haikukatazi, inakuuliza. Na kama watu wawili wanarekebisha nyumba moja wakati mmoja, mashini kubwa ya OpenStreetMap inaona namba ya toleo, inakataa lile lililochelewa, na iD inakuonyesha yote mawili kusudi uchague.

Jibu la tatu linatugusa sisi wa umeme wa kukatika. Kazi ambayo hujatuma inawekwa ndani ya kivinjari chenyewe. Kuran ikienda na kompyuta ikizimika, siku utaifungua tena iD itakuuliza kama unataka kurudishiwa kazi yako. Lakini inabidi iwe kompyuta ile ile na kivinjari kile kile. Kwa siberkafe, kesho ukikaa kwa masini ya pembeni, hautaikuta. Kwa hiyo tuma kazi kidogo kidogo, usingojee mwisho wa saa.

Tuseme unaifungua leo

Unahitaji adresi ya email na jina la kujiandikisha. Jina hilo litaonekana na dunia yote, kwa hiyo si lazima liwe jina lako la kweli. Kisha iD inakupeleka kwa somo dogo la kujaribu, ndani ya mji mdogo wa Marekani unaoitwa Three Rivers, kule Michigan. Usishangae. Pale unaweza kuharibu barabara na kuvunja uwanja, hakuna kitu kinatumwa.

Ukimaliza, unakuja kwetu. Nyuma kuna picha ya satelite, mbele kuna vitu vilivyokwisha chorwa. Kama uko juu sana, iD haitaonyesha vitu vya kurekebisha, itakuambia ukaribie. Sababu ni nzuri: inaleta tu kipande unachokitazama, si Kivu yote. Picha ndizo zinakula mega. Mwenye kununua mega kwa siku, aingie moja kwa moja kwa fasi anayoijua, asitembee-tembee juu ya ramani.

Kuna vitu vitatu vya kuangalia, na mafundi wa zamani wanavirudilia kila siku.

Kwanza, picha iko na umri wake. Vijiji vingi kati ya Beni, Oicha na barabara ya Kasindi vimehama juu ya mashambulizi ya ADF. Mabati unayoyaona yanaweza kuwa ya mbele ya watu kukimbia. Ramani inayosema kuna watu mahali ambapo watu walikwisha kuondoka inapoteza gari la chakula.

Pili, picha inaweza kusogea. Butembo ni mji wa milima, na kwa milima picha mara mingine inakaa meta kadhaa pembeni ya ukweli. Kama barabara yote imechorwa pembeni ya picha, usiisogeze haraka. Pengine picha ndiyo imesogea. Njia iliyopimwa na GPS ya simu ndiyo inasaidia kuamua.

Tatu, usinakili toka Google. Hata kama jina liko pale na ni la kweli, si letu kulichukua. Bing na Esri walitoa ruhusa watu wachore juu ya picha zao, Google haikutoa. Jina zuri kuliko yote ni lile unalolijua kwa miguu yako.

Tuseme pia ukweli mwingine: iD ilifikiriwa kwa kompyuta, ile tunaita ordinatere. Kwa simu ndogo inasumbua. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Every Door, Vespucci ao StreetComplete, ambazo zinaandika ndani ya ramani ile ile. Na kwa wale wanaotaka kuitumia tu, OsmAnd na Organic Maps zinashusha ramani yote kwa simu, halafu inafanya kazi bila mega hata moja. Motari anayepeleka mgonjwa usiku anahitaji hiyo kuliko kitu kingine.

Jina moja, maandiko mawili

Sasa tuingie kwa kazi ambayo hakuna mtu wa Berlin ao wa Boston anaweza kutufanyia.

Angalia jina la kariere inayojulikana na kila mtu hapa: wengine wanaandika Manguredjipa, wengine Mangurejipa. Kwa masikio ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni fasi mbili. Orodha ya munganga ikiwa na moja, na ramani ikiwa na nyingine, mtu anayetafuta hapati kitu, anasema: « Hii kijiji haiko. »

Ao mtu akisema: « Niko natoka Ruwenzori. » Ni mtaa wa Ruwenzori ndani ya mji wa Beni? Ni sekta ya Ruwenzori, upande wa Mutwanga? Ao ni mlima wenyewe? Na yule anayesema « Beni » tu, anasema mji wenye mitaa yake minne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, ao anasema teritware, ambayo makao yake makuu yako Oicha? Sisi tunajua kwa namna mtu anavyosema. Mashini haijui.

Wale waliojenga OpenStreetMap walifikiria shida hiyo. Kila kitu kinaweza kuwa na jina moja kubwa, pamoja na fasi ya jina lingine, ya jina la zamani, na ya jina kwa kila lugha. Kwa hiyo hakuna lazima ya kupigana kama ni « dj » ao « j »: moja inakuwa jina, nyingine inakuwa jina lingine, na mwenye kutafuta yoyote anafika. Mlima wenye jina la Kinande na jina la wakati wa Wabelgiji unaweza kubeba yote mawili. Kanuni ni kwamba jina kubwa liwe lile linalotumiwa na watu wa fasi ile leo, si lile analolipenda mwenye kuandika.

Kuna kanuni nyingine, na hiyo ni yetu: jina halitoki kwa kijana mwenye kompyuta peke yake. Nyumba kumi anajua mipaka ya avenyu yake. Wamama wa soko wanajua kisima gani kiko na maji wakati wa kiangazi. Wazee wanajua juu ya nini mlima unaitwa vile. Na kwa sababu hawatakuja kwa siberkafe, inabidi ramani iende kwao. Kuna chombo kinachoitwa Field Papers: unachapa kipande cha ramani kwa karatasi, unakipeleka kijijini, watu wanaandika majina kwa biki, kisha unarudi mjini na kuyaingiza kwa iD. Karatasi haiishi moto, na mvua ikija unaiweka ndani ya sashe.

Na kariere, tuiweke ao tuiache?

Hili ndilo swali wachimbaji wanauliza kwanza, na wako na haki.

Tusijidanganye: shimo halijifichi tena. Kariere kubwa inaonekana toka juu kama kidonda chekundu ndani ya pori, na mtu yeyote anaiona. Toka 2009, shirika la IPIS la kule Antwerp linatangaza ramani za kariere za mashariki ya Kongo, na vikundi vyake vinatembea kwa miguu mpaka huko. Kwa hiyo kusema « tusiiweke kusudi isijulikane » kumechelewa. Swali la kweli ni lingine: tuweke nini pembeni yake?

Mtu akianguka ndani ya shimo, ao udongo ukishuka wakati wa mvua, kitu kinachookoa ni kujua njia gani moto inaweza kupita, daraja gani inabeba gari, kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Vitu hivyo vyote viwekwe. Havimletei mtu hatari, na siku Ebola ao kipindupindu kikirudi, ndivyo vitatafutwa kwanza. Na Ebola ilirudi kweli: Butembo katika mwezi wa pili 2021, na Beni katika mwezi wa kumi mwaka ule ule.

Lakini jina la PDG wa shimo, nyumba ya mwenye kununua dhahabu, fasi dhahabu inalala, kambi ya askari, vizuizi vya watu wenye silaha: hivyo viachwe. Ramani iliyo wazi kwa munganga iko wazi pia kwa mnyang'anyi. Na kuna kitu ambacho kila mtu anapaswa kukijua mbele ya kugusa kitufe cha kutuma: kwa OpenStreetMap, kufuta si kusahaulisha. Kila toleo linabaki ndani ya historia, na jina ulilojiandikisha nalo, siku na saa. Kitu kilichotoka hakirudi ndani kabisa.

Vilevile, tusichanganye ramani hii na karatasi ya serikali. Kuchora mstari kuzunguka mlima hakukupi haki juu ya mlima. Titre za madini zinatolewa kupitia Cadastre minier, na Code minier ya 2002, ile iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema mchimbaji wa mkono anafanya kazi ndani ya zone za exploitation artisanale, akiwa na karte yake. Mtu akikuja kwa kijiji na kusema « Nipe dola kumi, nitakuandika kwa ramani, na kariere itakuwa yako », ni mwizi. Kuandika kwa OpenStreetMap ni bure, na hakumpi mtu ardhi.

Tena tukumbuke tuko chini ya état de siège toka mwezi wa tano 2021. Kijana anayetembea na simu akipiga picha na kupima njia anaweza kuonekana kama mpelelezi. Aende kwanza kwa chefu wa mtaa, aseme anafanya nini, aende na mtu wa kijiji, na asisogee karibu na kambi za jeshi. Ruhusa hiyo si makaratasi ya bure: ndiyo inafanya watu wa pale wakubali ramani kuwa yao.

Ya kuanza nayo

Mwenye kutaka kuanza asianze na mji wote. Achukue fasi moja anayoijua macho yakiwa yamefungwa: avenyu yake, barabara ya kuenda masomoni, njia ya toka kituo cha basi mpaka kariere. Aweke kwanza vitu ambavyo hakuna mtu anavigombania: kisima, daraja, kituo cha afya, masomo, soko na siku yake. Wakati wa kutuma, aandike kwa maneno mafupi alichofanya na alivyokijua, kwa mfano « majina toka wazee wa kijiji ». Mtu wa mbali atakayepita nyuma kukagua atajua kama hiyo si kubahatisha, na hataifuta.

Mama aliyebaki mjini na watoto anaweza kufanya kazi hiyo sawa na mchimbaji, pengine kumpita, juu yeye ndiye anajua kituo gani cha afya kiko na dawa na njia gani mtoto anapita salama. Mwalimu anaweza kuifanya na darasa lake. Na mchimbaji akirudi toka porini, aulizwe majina ya vijiji alivyopitia, moja moja, kwa mpango wa barabara.

Na kama kuna shaka juu ya jina, lisiandikwe kwanza. Waulizwe wazee wawili, mmoja wa kila upande wa mto. Kama wanasema jina moja, liandikwe. Kama wanasema mawili, yaandikwe yote mawili; chombo kiko na nafasi yake.